Beit al-Ajaib na Bustani ya Forodhani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya mwanzo ni ya mgeni anayekuja Unguja kuliona Jumba la Maajabu, yaani Beit al-Ajaib. Ya mwisho ni ya mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe na fundi wake, kwa sababu tangu jumba liporomoke hao ndio wanaouliza zaidi.

Jumba lenyewe liko wapi hasa?

Liko Barabara ya Mizingani, linatazamana na Bustani ya Forodhani. Ukisimama bustanini ukaipa bahari mgongo, kulia kwako ni Ngome Kongwe, mbele yako ni Beit al-Ajaib, na kushoto zaidi ni Beit al-Sahel, lile wanaloliita Jumba la Kifalme. Kati ya bustani na jumba kuna barabara tu, ndiyo maana watu huvitaja viwili hivyo kama kitu kimoja.

Nikishuka kwenye boti nifuate njia gani?

Toka lango la bandari Malindi, pinda kulia, uiache bahari iwe mkono wako wa kulia mpaka ufike. Njiani utapita Dispensari ya zamani yenye roshani za nakshi, kisha Mti Mkubwa. Kwa miguu ni kama dakika 10. Papasi watakufuata langoni wakitaka kukubebea begi au kukuonyesha njia. "Asante, naijua njia" ukiisema kwa utulivu na bila kusimama inatosha. Ukija kwa daladala utashushwa Darajani, na kutoka hapo utakatiza vichochoro kwa dakika 15 hivi. Ukipotea, na utapotea, teremka kuelekea upepo wa bahari.

Jambo dogo kwa wanaotoka Dar es Salaam: kaa upande wa kulia wa boti. Mji unaingia kwa upande huo, na safu yote ya majumba ya Forodhani utaiona kabla ya kutia nanga.

Ninaweza kuingia ndani?

Sehemu ya mbele ya jumba, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tangu hapo jumba lilifungwa na kuzungushiwa uzio wa ujenzi. Panga safari yako ukijua utaliona kwa nje, kisha uliza pale pale kwenye uzio kama kuna sehemu iliyofunguliwa. Usimpe pesa mtu wa barabarani anayekuambia "nina funguo".

Uso wa jumba unaelekea baharini, upande wa kaskazini-magharibi. Asubuhi uko kivulini na picha hutoka nyeusi. Kuanzia saa 9 alasiri jua linaupiga wote. Kama una muda wa mara moja tu, njoo alasiri, kisha ubaki bustanini mpaka wauza vyakula wawashe taa.

Nani alilijenga, na maajabu gani yanayosemwa?

Alilijenga Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Jumba lilikamilika 1883, kwenye kiwanja ambacho inasemekana kiliwahi kuwa na jumba la Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17. Barghash alikuwa na hamu ya mambo mapya. Ndiye pia aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje. Beit al-Ajaib hakulijenga kwa ajili ya kulala. Lilikuwa jumba la baraza, la kupokea wageni na kufanya sherehe, na ukubwa wake ulikuwa sehemu ya ujumbe: kwa zaidi ya karne lilikuwa jengo refu kuliko yote Mji Mkongwe.

Maajabu yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza ni taa za umeme, ambazo hazikuwa zimeonekana katika jengo jingine lolote Zanzibar, na lifti, ya kwanza Afrika Mashariki. La pili halisemwi sana lakini fundi yeyote ataliona kwanza: nguzo za chuma cha kusubu zilizozunguka jumba zima na kubeba varanda pana, na mihimili ya chuma iliyoruhusu kumbi pana zenye dari za juu. Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa hapo ndipo boriti ya mkoko inapofikia. Aliyezoea vyumba hivyo, akiingia ukumbi wa Ajaib, alikuwa na haki ya kustaajabu.

Milango ya ndani ilichongwa aya za Qurani na kutiwa dhahabu, na sakafu za marumaru zililetwa kutoka Ulaya.

Ni kweli Sultani alipita mlangoni juu ya tembo?

Husimuliwa kwamba mlango mkuu ulifanywa mpana ili aweze. Upana upo, tembo mwachie msimuliaji.

Vita vya 1896 viliathirije jumba?

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera. Hakuteremsha. Dakika mbili baada ya saa 3 manowari zilianza kupiga, na kabla ya saa 4 kila kitu kilikuwa kimekwisha. Hesabu hutofautiana kati ya dakika 38 na 45, kutegemea unahesabu hadi mzinga wa mwisho au hadi bendera kushuka. Wazanzibari wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza 1916, na hatimaye akafia Mombasa 1927.

Beit al-Hukm, lililokuwa kati ya Ajaib na Sahel, liliharibiwa kabisa. Sahel liliumia vibaya. Ajaib lilipona na majeraha madogo. Majumba hayo matatu yaliunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, juu ya njia, ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana.

Mnara wa saa ulikuwepo tangu mwanzo?

Haukuwepo pale ulipokuja kuanguka. Mnara wa awali, uliokuwa pia taa ya kuongozea vyombo, ulisimama peke yake mbele ya jumba na ukavunjwa na mizinga. Jumba lilipotengenezwa 1897, mnara mpya ulijengwa ndani ya uso wa jumba lenyewe. Zingatia hilo unapotazama picha za zamani: mnara ukiwa umejitenga, picha ni ya kabla ya vita.

Baada ya masultani lilitumika kwa nini?

Kuanzia 1911 lilikuwa ofisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mikononi mwa serikali na chama, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafunguliwa kama makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Waliowahi kuingia wanakumbuka zaidi mtepe uliowekwa katika ua wa ndani: chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja.

Kwa nini liliporomoka?

Dalili zilitangulia miaka mingi. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwaka 2012 kona moja ya jumba pamoja na sehemu ya varanda ilianguka. Mfuko wa Kumbukumbu za Dunia (World Monuments Fund) ukaliweka jumba katika orodha yake ya majengo yaliyo hatarini ya 2014. Kazi ya ukarabati, kwa msaada wa Oman, ilikuwa ikiendelea siku uso wa mbele ulipoanguka 2020. Watu wawili walipoteza maisha.

Ili kuelewa jengo la namna hii linavyokufa, anza na ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe hauko kama ukuta wa matofali. Una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zilizojengwa kwa mawe makubwa kidogo, na katikati umeshindiliwa vipande vya mawe na udongo wenye chokaa. Unene wake ni nusu mita na zaidi. Ukikauka una nguvu ya ajabu. Ukilowa ndani, kile kilichoshindiliwa katikati hulegea na kushuka, nyuso mbili zinaanza kusukumwa nje, na ukuta unafanya tumbo. Ufa mrefu wa wima unaokaribia kona, au tumbo la ukuta linaloonekana ukitazama kwa pembeni, ni onyo kubwa kuliko lipu iliyomenyuka eneo lote.

Maji yanaingilia juu. Zamani nyumba za mawe zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa. Baadaye nyingi ziliwekewa mabati. Bati moja likitoboka, au mfereji ukiziba majani, mvua ya masika inateremka ndani ya ukuta kwa miezi mitatu bila mtu kuona chochote sebuleni.

Kwa Ajaib kuna tatizo la ziada, nalo ni chuma. Mhimili wa chuma uliozikwa ukutani karibu na bahari unashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Inapanuka, inapasua zege na mawe yaliyoishika, maji yanapata njia mpya, kutu inaongezeka. Halafu varanda: mihimili na sakafu zake zinaushikilia pia ukuta mrefu usiyumbe. Kipande cha varanda kikidondoka, ukuta ulio nyuma yake unabaki peke yake, mrefu na mzito. Ndiyo sababu katika jengo la aina hii viunzi vya kuegemeza hutangulia, na hakuna kitu kinachobomolewa kabla ukuta haujashikwa pande zote mbili.

Bustani ya Forodhani ina umri gani?

Jina ni la zamani kuliko bustani: hapa palikuwa forodhani, mahali pa kulipia ushuru wa bidhaa, kabla shughuli za bandari hazijahamia Malindi. Bustani ilitengenezwa miaka ya 1935 na 1936 kuadhimisha miaka 25 ya ufalme wa George V wa Uingereza. Ilichakaa, ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, kisha ikatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni, na kufunguliwa tena 2009.

Chakula cha usiku bustanini: nini cha kuangalia?

Meza hupangwa jua linapokaribia kuzama, na saa 1 usiku ndipo panapochangamka. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye makaa, maana bei ya kamba na pweza huenda ikabadilika baada ya kuliwa. Vyakula vya baharini vilivyokwisha kuchomwa na kupangwa mezani vinapashwa tu moto; chagua meza yenye foleni ya wenyeji, ambako vitu havikai. Vilivyo salama zaidi kwa tumbo geni ni urojo unaochemka, piza ya Zanzibar inayokaangwa mbele yako, na mishikaki iliyotoka motoni. Juisi ya miwa ni nzuri ikikamuliwa na tangawizi na ndimu. Barafu ndiyo ya kutilia shaka. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa bustanini mchana, hata kama hufungi. Usiku wake, baada ya futari, ndio usiku bora kuliko yote ya mwaka kukaa pale.

Nina nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Nianze kukagua wapi?

Paa, mifereji, kisha miisho ya boriti, kwa mpangilio huo. Panda juu kabla ya masika, yaani Februari, na tena kabla ya vuli. Safisha mifereji, tazama misumari ya mabati iliyolegea, na angalia miti iliyoota ukutani: mche wa mtini wa kidole kimoja leo una mizizi ndani ya ukuta. Usiung'oe kwa nguvu, utaondoka na jiwe. Ukate, uuwe mzizi, kisha uzibe kwa chokaa.

Boriti huoza pale inapoingia ukutani, si katikati unapoitazama. Chomeka bisibisi nyembamba karibu na ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila shida, kichwa kimeoza. Weka mhimili wa kuegemeza chini yake siku hiyo hiyo, kabla hujatafuta boriti mpya.

Fundi anataka kupiga lipu ya saruji kwa sababu ni imara. Nimruhusu?

Usimruhusu. Uimara huo ndio ubaya wake. Ukuta wa matumbawe siku zote una unyevu na chumvi kidogo, na chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, inafanya unga mweupe, na baada ya misimu michache lipu inabanduka kwa vipande vikubwa ikiondoka na uso wa jiwe. Wakati huo huo unyevu uliozuiwa chini unapanda juu zaidi ukutani kuifuata boriti.

Kama saruji imeshapigwa, ibandue kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia juu kwenda chini, eneo dogo kwa siku. Mashine ya kutetemesha ipigwe marufuku. Inatikisa kilichoshindiliwa katikati ya ukuta. Ukishabandua, uache ukuta upumue kwa wiki kadhaa za kiangazi kabla ya lipu mpya.

Lipu ya chokaa hupigwa vipi?

Chokaa iliyotoka tanurini na haijaguswa na maji huzimwa kwanza. Mimina maji pipani, kisha ongeza chokaa kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa itachemka na kurukia macho. Vaa miwani na glavu. Ikishatulia iache chini ya maji kwa miezi mitatu ikiwezekana, kwani inavyokaa ndivyo inavyolainika kama siagi. Ya mfuko dukani imekwisha kuzimwa, lakini nayo iloweke angalau siku moja, na usinunue mfuko ulioganda au uliokaa wazi muda mrefu: umeshakufa.

Mchanganyiko ni sehemu 1 ya chokaa laini kwa sehemu 3 za mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Tumia wa machimbo, mkali mkononi, uliooshwa. Maji ongeza machache sana. Mafundi wengi huyaongeza ili kazi iwe nyepesi, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa.

Hesabu ya haraka: ukuta wa mita za mraba 10, lipu ya sentimita 2, unataka mchanga debe 10 na chokaa kama debe 3 na theluthi. Ongeza kidogo cha kupotea, uandae debe 11 au 12 za mchanga na debe 4 za chokaa.

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu ikafa kabla haijashika. Tabaka la kwanza liwe milimita 10 hadi 12, likwaruzwe kwa mistari, lisubiri wiki nzima au zaidi hadi kucha isiweke alama. La pili milimita 8, la mwisho 2 au 3 tu. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 5 hadi 7. Chokaa haikauki kama matope. Inageuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na inahitaji unyevu ili kuivuta.

Imepigwa na imeharibika. Nini kimetokea?

Ukiipitisha mkono ikatoa unga, ilikauka haraka mno, kwa jua au upepo. Nyufa za buibui zinasema chokaa ilizidi au maji yalizidi. Vijitundu vinavyofumuka baada ya wiki, kama tetekuwanga, ni punje ambazo hazikuzimwa vizuri. Chuja chokaa kwa wavu mwembamba safari nyingine. Lipu ikisikika tupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, ukuta haukuloweshwa au vumbi halikufagiliwa.

Chokaa ya kupaka juu yake iwe nyepesi kama maziwa, mikono, yaani tabaka, 4 hadi 6, siku moja kati ya mkono na mkono, na ukuta uwe na unyevu kila mara. Mikono miwili mizito inaokoa muda na inamenyuka kabla ya mwaka kwisha.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, kazi yoyote inayogusa ukuta, paa, mlango, dirisha au roshani inapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda na picha za hali ilivyo sasa, mchoro hata wa mkono, na orodha ya vifaa utakavyotumia. Andika wazi "chokaa" kwenye orodha hiyo, na umwonyeshe fundi nakala kabla hajanunua mfuko wa kwanza.